Namba ya siri kwenye kiganja



Najua nimepotea karibu wiki tatu, msinirushie mawe. Majaribio yamefuatana kama daladala za asubuhi, na msuli wa dakika za mwisho mnaujua wenyewe. Leo nimerudi na historia kidogo, na chanzo chake ni kiganja cha mwenzangu wa chumba.

Iko hivi. Bumu limeingia Ijumaa. Mwenzangu huyu anakariri fomula zote za takwimu lakini hajawahi kukariri tarakimu nne za kadi yake ya benki. Basi akaiandika namba ya siri kwa biro kwenye kiganja cha kushoto, akaenda kupanga foleni ATM. Saa nzima, jua la saa saba mchana. Alipofika mbele ya mashine jasho lilikuwa limeshafanya kazi yake, tarakimu ya tatu haijulikani ni 1 au ni 7. Akajaribu, akajaribu tena, mara ya tatu kadi ikamezwa. Akarudi chumbani anacheka kile kicheko cha mtu asiye na nauli.

Nikamwambia, dada, afadhali hata jasho limeifuta. Angetokea kibaka akaiona je? Akanijibu, "Kwani angefanyaje, anikate mkono?"

Tukacheka sana. Lakini usiku usingizi haukuja, maana lile swali lake la utani watu wameshalijibu, tena kwa damu. Kama una ufunguo wa siri ambao adui anautaka, utauweka wapi? Mfukoni, kwenye mshono wa nguo, kichwani, ndani ya nyama? Na ukishauweka, wewe uliyeubeba unageuka kuwa nani machoni pa adui?

(Nikisema ufunguo sina maana ya kufuli la bweni. Namaanisha lile neno au ile namba inayoyafanya maandishi yaliyovurugwa yasomeke tena. Anayeujua anasoma, asiyeujua anaona takataka.)

Wa kwanza ninayemjua katika habari hizi ni mtumwa ambaye hata jina lake halikuandikwa. Herodotus anasimulia kwamba karibu mwaka 499 kabla ya Kristo, Mgiriki mmoja aitwaye Histiaeus alikuwa amewekwa Susa kwa mfalme wa Uajemi, na alitaka kumwambia mkwewe Aristagoras kule Mileto aanzishe uasi. Njia zote zilikuwa na walinzi. Akamchukua mtumwa aliyemwamini kuliko wote, akamnyoa, akamchora maneno kwa sindano kwenye ngozi ya kichwa, akangoja nywele ziote. Kisha akamtuma na agizo moja: ukifika mwambie akunyoe.

Ule ulikuwa ujumbe, haukuwa ufunguo, lakini tatizo linaonekana tayari. Yale maneno hayakufutika. Aristagoras alishayasoma, uasi ulishaanza, na yule bwana bado anatembea nayo kichwani mpaka siku ya kufa. Yeyote mwenye wembe angeweza kumsoma. Mtumwa mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Sasa ruka miaka zaidi ya elfu mbili, uende London, kwenye duka la vitabu vya zamani namba 84 Charing Cross Road. Mmoja wa wenye duka alikuwa Benjamin Marks, naye alikuwa na mtoto mmoja mjanja anaitwa Leo, aliyezaliwa mwaka 1920. Maduka yale yalikuwa na desturi ya kuandika ndani ya kitabu bei waliyokinunulia, lakini kwa herufi za siri ili mteja asijue. Leo akiwa na miaka minane hivi alisoma hadithi ya Edgar Allan Poe iitwayo "The Gold-Bug", ile ya kufumbua maandishi ya hazina, halafu akazigeukia bei za baba yake na kuzifumbua. Huyo ndiye mtu wa habari yangu ya leo.

Mwaka 1942, vita ya pili ya dunia imepamba moto, Leo Marks akachukuliwa na SOE, yaani Special Operations Executive. Hiki kilikuwa chombo cha siri kilichoundwa na Waingereza Julai 1940 kwa ajili ya kupeleka watu ndani ya nchi zilizotekwa na Wajerumani: kulipua reli, kuwapa silaha wapinzani, kupeleka habari. Siku ya kwanza wakampa ujumbe wa kufumbua, kazi ya dakika ishirini. Ikamchukua siku nzima. Wakubwa wakaanza kumwona goigoi, kumbe hawakuwa wamempa ufunguo! Kijana alikuwa ameuvunja kwa akili yake msimbo ambao wao waliuona salama. Hapo akajua kwamba majasusi wao walikuwa wanaruka na miavuli kwenda kwenye kifo wakiwa na kufuli la maboksi.

Kufuli lenyewe lilikuwa shairi.

Kila jasusi alikariri shairi. Akitaka kutuma ujumbe anachagua maneno matano ndani yake, na herufi za maneno hayo ndizo ufunguo. Hebu chukueni kalamu niwaonyeshe kwa neno moja tu, BAHARI. Zipe herufi zake namba kwa kufuata alfabeti: A ya kwanza ni 1, A ya pili ni 2, B ni 3, H ni 4, I ni 5, R ni 6. Kwa hiyo BAHARI inakuwa 3-1-4-2-6-5. Sasa andika ujumbe "tutakuja kesho usiku" chini yake kwa safu za herufi sita sita:

3 1 4 2 6 5
T U T A K U
J A K E S H
O U S I K U

Halafu soma kwa kushuka, ukianza na mstari wa namba 1, kisha wa 2, na kuendelea. Unapata UAUAEITJOTKSUHUKSK. Wao walifanya hivi mara mbili, kwa funguo ndefu, halafu wakaweka mwanzoni herufi za kuashiria ni maneno gani matano yametumika.

Uzuri wake ni kwamba ufunguo wote uko kichwani. Jasusi akisimamishwa njiani akapekuliwa mpaka soksi, hana kitu. Wakubwa wa SOE waliupenda sana utaratibu huu kwa sababu hiyo, na ukiangalia harakaharaka hata wewe ungeupenda.

Lakini fikiria vizuri. Mashairi mengi waliyopewa yalikuwa yale ya shuleni, ya washairi wakubwa wa Kiingereza, ambayo hata Mjerumani aliyesoma anayo kwenye kabati. Wavunja msimbo wa Kijerumani wakifaulu kuuvunja ujumbe mmoja wanapata maneno matano, na kwa maneno matano wanaweza kulipata shairi zima. Wakishalipata, wanasoma kila kitu: uliotuma mwezi jana, uliotuma leo, utakaotuma kesho. Ili usivunjike kirahisi ujumbe ulitakiwa uwe na herufi kama 200 hivi, hata kama una maneno manne tu ya kusema, na huku magari ya Wajerumani yenye mitambo ya kunusa mawimbi yanazunguka mtaani yakitafuta nyumba inayorusha. Dakika kumi zaidi hewani ni dakika kumi za kumpa mwindaji.

Halafu jasusi anakosea. Mtu yuko darini, baridi, mshumaa mmoja, moyo unadunda, anaandika herufi 200 mara mbili kwa ufunguo wa kichwani. Marks alipofika alikuta karibu robo ya ujumbe unaoingia London hausomeki kwa makosa ya aina hii, na jibu la kawaida lilikuwa kumwambia jasusi arudie kutuma. Yaani rudi tena darini! Kuna watu walikamatwa wakirudia. Marks akawapanga wasichana wa kikosi cha FANY, wengi wao ndio kwanza wametoka shule, wakakaa zamu usiku na mchana kujaribu kila kosa linaloweza kufikirika, maelfu ya majaribio kwa ujumbe mmoja, ili mtu asirudi hewani kwa ajili ya herufi iliyoruka.

Na kubwa kuliko yote, ambalo ndilo lililonikosesha usingizi: shairi liko kichwani, na kichwa kimeunganishwa na mwili unaosikia maumivu. Huwezi kulichoma. Huwezi kulitupa chooni ukisikia hodi ya alfajiri. Ukikamatwa umekamatwa na funguo zako zote, za zamani na za baadaye, na adui anajua hivyo. Anachohitaji ni muda na kucha zako.

Mtaniambia, si adanganye tu? Sikilizeni kisa cha Uholanzi.

Kila jasusi alikuwa na alama ya usalama, kosa la makusudi analotia kwenye ujumbe kuonyesha kwamba yuko huru. Hubertus Lauwers, mrusha redio wa SOE, alikamatwa The Hague tarehe 6 Machi 1942. Wajerumani chini ya Hermann Giskes wakamlazimisha arushe ujumbe wao kwenda London. Alama yake ilikuwa kukosea kila herufi ya kumi na sita. Walikuwa na nakala za ujumbe wake wa nyuma, na humo makosa yalionekana. Kwa bahati yaliangukia ndani ya neno la Kiingereza la kuonyesha mwisho wa sentensi, "stop". Akawaambia kwa uso mkavu, alama yangu ni kuliharibu neno hilo tu. Wakaamini! Akaanza kurusha bila alama ya kweli, akingoja London washtuke.

London hawakushtuka. Waliona alama haipo, wakaendelea. Wakapeleka watu wengine, na wengine, na kila aliyeruka na mwavuli alipokewa na Wajerumani waliokuwa wanamngoja chini na tochi. Zaidi ya watu 50 walikamatwa namna hiyo. Wengi wao waliuawa kambi ya Mauthausen mwezi Septemba 1944.

Marks alikuwa mmoja wa wachache walioshuku, na sababu yake inanifurahisha na kunitisha kwa pamoja: ujumbe wa Uholanzi haukuwa na makosa. Nchi zote majasusi wanakosea, wanaruka herufi, wanachanganya safu. Uholanzi, safi kabisa, miezi na miezi. Ni nani anayeandika msimbo bila kosa hata moja? Anayeandika mezani, kwenye kiti, na chai pembeni. Akasema, lakini alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, tatu hivi, na siasa za idara zikamzidi kimo.

Dawa yake ilikuwa hariri.

Badala ya shairi, jasusi apewe kipande cha kitambaa cha hariri, chembamba, kilichochapwa funguo nyingi zilizokwisha tayarishwa London. Jozi moja ya funguo kwa ujumbe mmoja. Ukishatuma, unakata ule ukanda kwa mkasi, unauchoma, basi. Hariri inashonwa ndani ya bitana la koti au popote kwenye nguo, na askari akikupapasa hasikii kitu, maana hariri hailii kama karatasi. Ujumbe ukaweza kuwa mfupi, nusu ya ule wa zamani, kwa hiyo muda wa hewani ukapungua.

Wakubwa wakampinga, na tuwe wakweli, pingamizi lao lilikuwa na akili ndani yake. Shairi halina ushahidi. Mtu akikutwa na kitambaa cha funguo kwenye kizuizi cha barabarani, ndiyo kwaheri. Tena hariri yenyewe ilikuwa adimu wakati wa vita, inagombaniwa na watengeneza miavuli. Marks akawa anazunguka ofisi baada ya ofisi akibembeleza. Alipoulizwa kwa nini iwe hariri, alijibu kwa maana kwamba uchaguzi ulikuwa kati ya hariri na sianidi, ile sumu ya kidonge waliyopewa majasusi kwa ajili ya siku ya kukamatwa. Kitabu chake alichotoa mwaka 1998 kinaitwa "Between Silk and Cyanide", na sasa mnajua jina limetoka wapi.

Lakini kwangu mimi akili yenyewe iko kwenye kitu kidogo kilichofuata. Kila jozi ya funguo kwenye hariri ilikuwa na herufi za kuitambulisha. Jasusi alitakiwa azibadilishe kidogo kabla ya kuzituma, kwa namba aliyopatana na London ambayo haikuandikwa popote. Tuseme sogeza herufi ya kwanza mbele hatua tatu na ya nne hatua moja. Hariri iko mwilini, ile namba iko kichwani. Adui akiipata hariri bila namba, ujumbe wake wa kwanza wa uongo unamfichua.

Ah, mtasema, lakini namba si itatolewa kwa mateso vilevile? Hapa ndipo nilipomvulia kofia yule kijana. Jasusi wa shairi akidanganya juu ya alama yake, Wajerumani wana lundo la ujumbe wake wa zamani waliounasa hewani. Wanalo shairi, wanaufungua wote, wanaangalia: umesema kosa liko hapa, mbona halipo? Wanarudi kwake. Lauwers aliponea kwa bahati ya herufi ya kumi na sita. Jasusi wa hariri ameshazichoma funguo za nyuma. Ule ujumbe wa zamani haufunguki tena, hata yeye mwenyewe hawezi kuufungua. Kwa hiyo akiwaambia namba ya uongo hawana pa kuihakikisha. Marks alimpa mtu aliyefungwa kwenye kiti kitu ambacho shairi halikuweza kumpa, nafasi ya kusema uongo ukaaminika.

Na ilimpa pia nafasi ya kutojua kweli. Kadiri unavyochoma, ndivyo unavyobaki na kidogo cha kutolewa.

Kinyume chake tunakiona kwa Noor Inayat Khan, baba Mhindi, mama Mmarekani, mwanamke wa kwanza mrusha redio kupelekwa na SOE ndani ya Ufaransa, Juni 1943. Alikamatwa Paris Oktoba mwaka huohuo. Mdomoni hakuwapa Wajerumani kitu. Ila alikuwa ameweka daftari lenye ujumbe wake wa nyuma na misimbo yake, hakuvichoma, inaelekea alielewa vibaya agizo alilopewa la kutunza kumbukumbu. Daftari likasema yote ambayo yeye alikataa kusema. Wakautumia mtambo wake kuidanganya London, na waliokuja baadaye wakaangukia mikononi mwao. Yeye alipigwa risasi Dachau tarehe 13 Septemba 1944. Nilikuwa namsoma maktaba, nikafunga kitabu, nikaenda kunywa maji.

Mashairi hayakufa kabisa. Yalibaki kama akiba, endapo hariri itapotea, ila sasa Marks na wenzake waliyatunga wenyewe ili yasipatikane kwenye kitabu chochote. Maarufu kuliko yote ni lile aliloandika Krismasi ya 1943 kwa ajili ya mpenzi wake aliyekufa kwa ajali ya ndege Kanada, akampa Violette Szabo Machi 1944. Szabo alikamatwa Juni mwaka ule, akauawa Ravensbrück mwanzoni mwa 1945, umri miaka 23. Umri wetu, jamani.

Baada ya vita wazo la kubeba ufunguo mwilini halikuisha, lilipanda cheo. Rais wa Marekani hutembea na kadi ndogo yenye namba za kumtambulisha endapo ataagiza silaha za nyuklia. Tarehe 30 Machi 1981 Ronald Reagan alipigwa risasi Washington. Hospitalini wakamkata nguo ili wamtibu, na kadi ikaenda na vitu vyake vingine vilivyochukuliwa na FBI kama ushahidi. Na Jenerali Hugh Shelton aliandika mwaka 2010 kwamba wakati wa Clinton kadi ilipotea kwa miezi bila watu kujua. Miezi! Mwenzangu wa chumba na biro yake amepata faraja kubwa kusikia hilo.

Mwezi uleule wa Machi 1981, profesa wa sheria wa Harvard aitwaye Roger Fisher alichapisha pendekezo katika jarida la Bulletin of the Atomic Scientists. Namba za kurushia silaha, alisema, ziwekwe ndani ya kidonge kidogo, na kidonge kipandikizwe karibu na moyo wa kijana aliyejitolea. Kijana huyo amfuate Rais kila aendako, amebeba kisu kikubwa cha buchani. Rais akitaka kuua mamilioni, aanze kwa kumchinja huyu mmoja kwa mkono wake, azitoe namba mwenyewe. Fisher anasimulia kwamba marafiki zake wa Pentagon walishtuka, wakasema hilo litaivuruga akili ya Rais, anaweza asibonyeze kabisa. Ndicho alichokuwa anakitaka!

Niliposoma hapo nikaelewa kwamba Fisher alikuwa ameuona ukweli uleule wa Marks akiwa upande wa pili. Ufunguo ukikaa ndani ya nyama, njia ya kuufikia inapita kwenye nyama. Marks alitaka kuikata njia hiyo. Fisher aliiacha makusudi, iwe chungu.

Walioleta chipu za kupandikiza sijui kama waliwaza hivyo. Oktoba 2004 Marekani iliruhusu VeriChip, kidude cha ukubwa wa punje ya mchele kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kutoa namba kikisomwa na mashine. Mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu wa Mexico alitangaza kwamba yeye na baadhi ya watu wake wamewekewa ili wapite kwenye milango ya siri. Mwaka 2006 mtaalamu Jonathan Westhues akaonyesha jinsi ya kunakili chipu ile kutoka kwa aliyenayo, na yeye na wenzake wakaandika makala yenye hoja iliyonifanya nisome mara mbili: kwa usalama wa mbebaji, chipu ya namna ile ni bora iwe rahisi kunakiliwa! Kwa nini? Kwa sababu mwizi anayeweza kunakili kwa mbali hana haja ya kukukata. Kwa hiyo, wakasema, itumike kumtambua mtu, mathalani mgonjwa aliyezimia, isitumike kufungulia milango wala hazina.

Hawakuwa wanatia chumvi. Mwaka 2005 kule Malaysia wezi waliiteka Mercedes iliyokuwa inawaka kwa alama ya kidole. Walipochoka kumburuta mwenye gari kila inapozima, walimkata kidole kwa panga, wakamwacha barabarani. Novemba 2014 Mholanzi Martijn Wismeijer akajipandikiza chipu kwenye mikono yote miwili ili ahifadhi humo funguo za bitcoin zake, nafasi ya baiti 888 tu, akawaita na waandishi wa habari. Nilijiuliza kwa nini umwite mwandishi. Januari 2025 mmoja wa waanzilishi wa Ledger, kampuni ya Ufaransa inayotengeneza vifaa vya kuhifadhia funguo kama hizo, alitekwa nyumbani kwake pamoja na mwenzi wake, akakatwa kidole wakati watekaji wanadai fedha. Polisi waliwaokoa. Huyu hakuwa na chipu mwilini. Ilitosha kwamba waliamini mwili wake unajua njia ya fedha.

Na sisi? Mnakumbuka foleni za mwaka 2019 na Januari 2020, kusajili laini kwa alama za vidole. Mimi nilisimama na bibi mmoja ambaye mashine ilimkataa mara tano kwa sababu jembe limezifuta alama zake, kama jasho lilivyofuta ile tarakimu ya tatu. Kidole chenyewe kwa kawaida si ufunguo, ni bawabu. Kwenye simu za kisasa, tangu iPhone 5s ya mwaka 2013, ufunguo hukaa ndani ya chipu ya simu na kidole kinamwambia afungue. Bawabu huyo kundi la Chaos Computer Club la Ujerumani lilimdanganya ndani ya siku chache tu simu ilipotoka, kwa kidole cha bandia. Mwaka 2014 mmoja wao akaonyesha kwamba anaweza kutengeneza alama ya kidole ya waziri wa ulinzi wa Ujerumani kutokana na picha za kawaida za mkutano. Na mwaka 2015 Marekani ilikiri kwamba wadukuzi walikuwa wameiba alama za vidole za watu milioni 5.6 kutoka ofisi yake ya utumishi. Nywila ikiibwa unabadilisha jioni hiyohiyo. Hao milioni 5.6 vidole wana kumi kumi, na ndivyo vitakavyozikwa nao. Hakuna mkasi wala kibiriti.

Leo Marks alifariki Januari 2001. Mwenzangu wa chumba nimemsomea hii yote jana usiku, akiwa amelala chali na miguu ukutani. Nilipofika kwenye hariri aliketi. Akauliza, kwa hiyo baada ya kutoa pesa nilitakiwa ninawe mkono kwa sabuni? Nikamwambia ndiyo, kabla ya mtu yeyote kuuona. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema tatizo lake yeye ni kwamba alinawa kabla ya kutoa.

Jumatatu anakwenda benki kuomba kadi mpya, na ameniazima nauli. Asubuhi nimemkuta anatafuta biro.